Chupa ya surua isiyofunguliwa: uchambuzi wa kisa cha kituo cha afya pembezoni mwa Lubumbashi

Kituo kinachochambuliwa hapa hakina jina kwa sababu ni kisa cha mafunzo. Kimejengwa kwa mambo yanayojirudia katika vituo vingi vya pembezoni mwa mji, na idadi zake ni za mfano, zimewekwa ili msomaji aweze kufuata hesabu kwa kalamu mkononi. Kanuni za chanjo, viwango vya joto na fomula za hesabu ni zile zile zinazotumika kazini.

Hali ilivyokuwa

Eneo la afya lina wakazi 18,000. Upande mmoja kuna barabara ya lami na maduka ya vyuma, upande wa pili mashamba ya mahindi na matanuri ya matofali, na kati yake nyumba zinazoongezeka kila kiangazi. Kituo kina wauguzi 5, mkunga 1 na frigo moja ya chanjo inayotegemea umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo. Kiongozi wake ni muuguzi mkuu, IT kama wote wanavyomwita. Ni mtu wa kazi: anaona wagonjwa, anazalisha mkunga akiwa hayupo, anaandika ripoti za mwezi, anahudhuria mikutano ya ofisi ya zoni ya afya, ngazi inayosimamia vituo. Hakuna anayeweza kumwita mvivu, na kisa hiki kisingefaa kuandikwa kama tatizo lingekuwa uvivu.

Chanjo hutolewa kituoni kila Jumatano. Mara mbili kwa mwezi timu hutoka na kibebeo cha chanjo kwenda sehemu za mbali, zaidi ya kilomita 5. Kwa robo mwaka, mpango ni vikao 18: 12 kituoni na 6 nje.

Ili kujua watoto wangapi wanasubiriwa, PEV, mpango wa taifa wa chanjo, huchukua asilimia 3.49 ya wakazi kuwa watoto wa chini ya mwaka mmoja. Wakazi 18,000 wanatoa watoto 628 kwa mwaka, yaani 157 kwa robo, au 52 kwa mwezi. Rejista ya Januari hadi Machi, miezi ya mvua, ilikuwa na watoto 149 waliopata Penta ya kwanza (Penta ni chanjo ya magonjwa matano, dozi tatu), 112 waliofika Penta ya tatu, na 84 waliochanjwa surua wakiwa na miezi 9.

Kwenye mkutano wa tathmini katika ofisi ya zoni, maelezo yalitolewa kwa dakika mbili: wamama hawana bidii, wengine wanazuiwa na makanisa. Dawa iliyoandikwa ilikuwa uhamasishaji. Reko, wale wahudumu wa kujitolea wa jamii, wapewe megafoni wapite kwenye avenyu.

Hesabu inayokanusha maelezo

Penta1 ni 149 kati ya 157, asilimia 95. Mama anayekataa chanjo haleti mtoto wa wiki 6 kuchomwa sindano ya kwanza. Hawa walikuja. Kisha wakapotea njiani: 149 ukitoa 112 ni 37, na 37 kwa 149 ni asilimia 24.8. Kiwango hicho cha kuacha kikivuka asilimia 10, kanuni inasema tatizo ni la huduma wanayoikuta. Kati ya Penta1 na surua hali ni mbaya zaidi: waliopungua ni 65, asilimia 43.6.

Mwongozo wa kufikia kila zoni huyagawa maeneo katika makundi manne kwa kutumia namba hizi mbili tu: je, watoto wanafika mara ya kwanza, na je, wanarudi? Eneo letu liko kundi la pili, wanafika lakini hawarudi. Megafoni ni dawa ya wasiofika. Kumpigia megafoni mama aliyekwisha kuja mara mbili akarudishwa nyumbani ni kumtukana, na yeye anaelewa hivyo.

Kabla ya kwenda mbele, ripoti ya mwezi ililinganishwa na rejista. Ripoti tatu zilizotumwa zoni zilikuwa na jumla ya Penta3 121, rejista 112. Tofauti ya 9 ilitokana na fishi, yaani karatasi, za kupigia mistari ya kuhesabu, ambamo watoto wa kikao kimoja cha nje walihesabiwa mara mbili. Si udanganyifu mkubwa, lakini inatosha kuficha robo ya watoto 37 wanaotafutwa. Namba zote hapa ni za rejista.

Sifa iliyowagharimu watoto

Chanjo ya surua huja katika chupa ya dozi 10, unga unaochanganywa na maji yake maalumu. Ikishachanganywa, ina saa 6 tu, au hadi mwisho wa kikao, lolote litakalotangulia, kinachobaki kinatupwa. Haina kinga ya kuzuia vijidudu, na chupa iliyolala imewahi kuua watoto katika nchi mbalimbali. BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na ya homa ya manjano ziko kwenye kanuni hiyo hiyo. Penta, polio ya matone na polio ya sindano ni tofauti: chupa iliyofunguliwa inaweza kutumika hadi siku 28 kama imekaa kwenye baridi sahihi, tarehe ya kufungua imeandikwa, na alama ya joto kwenye chupa bado ni nzuri.

Kwa kuogopa kutupa, kituo kilijiwekea sheria yake: surua na homa ya manjano ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, si kila kikao. Jumatano nyingine, na kwenye vikao vya nje, muuguzi alihesabu watoto kwanza. Wakiwa wachache alisema: «Mama, leo muko tu batatu, mutarudia mwezi yenye kuya.»

Tazama sheria hiyo ilivyopendeza kwenye karatasi. Kila mwezi walikuja watoto 28. Chupa 3 zilifunguliwa, dozi 2 zikatupwa. Kwa robo nzima ni chupa 9, dozi 90, watoto 84, upotevu wa asilimia 6.7. Zoni ilisoma asilimia hiyo mbele ya vituo vingine kama mfano wa usimamizi mzuri. Na watoto 73 wa eneo lile lile walikuwa bila kinga ya ugonjwa ambao mwaka 2019, katika mlipuko uliokumba nchi nzima, uliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5.

Sheria haikutoka hewani. Msimamizi wa zoni kila alipofika aliuliza swali moja kuhusu surua: mmetupa dozi ngapi? Hakuuliza kamwe ni watoto wangapi waliorudishwa. Kiongozi wa chini hujipanga kulingana na swali analoulizwa, na swali baya la juu huwa sheria mbaya ya chini. Mwongozo wa kimataifa uko wazi kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Wauguzi wengi wanaujua, waliufundishwa, na mtihani wangejibu sawa. Ila anayetupa dozi 9 ndiye anayesimamishwa kwenye mkutano kujieleza. Anayemrudisha mtoto haandikwi popote.

Ufunguo

Kati ya vikao 18 vilivyopangwa, 11 ndivyo vilivyofanyika. Vile 7 vilivyokosekana vilifuatiliwa kimoja kimoja kwenye daftari: 2 vya nje vilikosa barafu kwa sababu umeme ulikatika usiku wa Jumanne, 1 kilikosa sindano zinazojifunga baada ya kutumika mara moja, ingawa chanjo yenyewe ilikuwepo, na 4 vilivunjika kwa sababu IT alikuwa mjini, kwenye mafunzo au mkutano, na ufunguo wa frigo ulikuwa mfukoni mwake.

Vikao vinne, yaani karibu mwezi mzima wa Jumatano. Wauguzi wengine walikuwepo, chanjo ilikuwepo, wamama walikuwepo wameketi kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Aliyewarudisha alikuwa na diploma ile ile ya kuchanja. Alichokosa ni ruhusa.

Sababu ya kushika ufunguo peke yake inaeleweka. Frigo iliwahi kutumika kupozesha maji ya kunywa na sampuli za maabara, na kila mlango unapofunguliwa joto linapanda. IT alitaka kulinda chanjo. Lakini ulinzi huo haukulinda. Karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni ilikuwa na 4°C asubuhi na 4°C jioni, siku zote 31 za Januari, Jumapili pia, kwa kalamu ile ile na mwandiko ule ule ulioegemea kulia. Kifaa cha kielektroniki kilichokuwa ndani ya frigo, ambacho hutunza kumbukumbu za siku 30, kilionyesha kengele mbili: joto lilizidi 8°C kwa zaidi ya saa 10 mfululizo mara moja, na mara moja lilishuka hadi chini ya -0.5°C kwa zaidi ya saa moja. Hakuna aliyekuwa amekisoma.

Kengele ya pili ndiyo ya kutisha, ingawa watu huiogopa ya kwanza. Joto likizidi, alama iliyo kwenye chupa itasema: mraba wa ndani ukifikia weusi wa duara linaloizunguka, chupa inatupwa. Baridi kali haina alama. Penta, chanjo ya nimonia na polio ya sindano zikiganda zinaharibika kimya, na mtoto anachomwa maji yasiyo na kazi huku kadi yake ikisomeka kamili. Kwa Penta, kipimo ni kutikisa: gandisha makusudi chupa moja ya bechi ile ile, iyeyushe, itikise pamoja na ile unayoishuku, ziweke mezani bega kwa bega. Inayozama haraka sawa na ile iliyogandishwa haitumiki. Kipimo hiki hakifai kwa polio ya sindano. Kituo kilipima Penta. Chupa 6 zilizokuwa zimeegemea ukuta wa barafu zilitupwa. Kosa lilikuwa la upangaji: hakukuwa na vikapu, na chupa ziligusa ukuta.

Pesa, ambayo haisemwi mkutanoni

Chanjo ni bure. Fishi ya mtoto, yaani kadi yake ya chanjo, iliuzwa franka 1,000, na asiyekuwa nayo aliambiwa arudi akiwa nayo. Hapa watu wengi huishia kulaani, kisha wanaandika tangazo ukutani kwamba kutoza ni marufuku. Tangazo peke yake halikai mwezi. Wauguzi 3 kati ya 5 hawako kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wanaishi kwa mgawo wa mapato ya wagonjwa. Jumatano ya chanjo ni siku isiyoleta mapato, na anayechanja anapoteza mgawo wa siku hiyo kwa wenzake waliobaki kwenye chumba cha kuonea wagonjwa. Ndiyo maana kazi ya chanjo ilikuwa ya mgeni au mwanafunzi wa mafunzo, na ndiyo maana fishi ilipata bei. Kiongozi anayefuta bei ya fishi bila kuziba shimo hilo ataikuta tena baada ya wiki chache ikiitwa pesa ya plastiki au ya pamba.

Watoto 37, mmoja mmoja

Orodha ya waliopata Penta1 bila kufika Penta3 iligawanywa kwa reko kwa avenyu, si zaidi ya majina 8 kwa kila mmoja. Zaidi ya hapo mtu wa kujitolea haendi, anakisia. Walipewa siku 7 na swali moja la kuuliza: mara ya mwisho mlipokuja, ilikuwaje? Namna ya kuuliza ni muhimu. Ukiuliza «kwa nini hamkuja?» utajibiwa kwa kuomba radhi, na hutajua lolote.

Majibu: familia 9 zilikuwa zimehama, nyingi kumfuata baba kwenye machimbo ya upande wa Likasi na Kolwezi, nyingine mashambani kwa msimu. Watoto 14 walikuwa wameletwa na kurudishwa: hakuna kikao, hakuna sindano, au mama alifika saa nne akitoka sokoni akaambiwa amechelewa. Watoto 6 walipata homa baada ya Penta1, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia wamama kwamba homa ya siku moja au mbili ni kawaida, waliona mtoto ameharibiwa. 5 walikwama kwa pesa ya fishi. Waliokataa kwa imani walikuwa 3.

Watatu kati ya 37. Katanga ina historia ya kweli ya kukataa chanjo katika baadhi ya familia za Kipostolo na za Kitawala, wahudumu wa kampeni za polio wanaikumbuka vizuri, na si jambo la kupuuza. Lakini historia hiyo imekuwa shimo la kutupia kila mtoto aliyekosekana. Kwenye eneo hili, kwa kila mtoto aliyezuiwa na kanisa kulikuwa na zaidi ya wanne waliozuiwa na kituo chenyewe.

Kitu kingine kilionekana njiani bila kutafutwa. Watoto 4 kati ya wale 14 walikuwa wamefika kituoni siku nyingine wakiwa na kikohozi au malaria, wakaonwa, wakapewa dawa, na hakuna aliyeuliza fishi ya chanjo. Kikohozi na homa ndogo havizuii chanjo. Na mtoto aliyechelewa haanzi upya: anaendelea na dozi inayofuata, mradi wiki 4 zimepita.

Kilichobadilishwa

Badiliko la kwanza lilikuwa karatasi moja, iliyosainiwa na IT na kubandikwa juu ya frigo. Muuguzi mmoja aliteuliwa kuwa msimamizi wa chanjo, na mwingine kuwa mbadala wake, kwa majina. Karatasi iliwapa ruhusa tatu: kushika ufunguo (ulichongwa wa pili, wa tatu ukawa kwenye bahasha iliyofungwa kwa mkunga), kufungua chupa yoyote kwa mtoto yeyote aliyetimiza umri bila kuuliza, na kufanya kikao hata IT asipokuwepo. Wengi hudhani uteuzi wa mdomo unatosha. Hautoshi, kwa sababu siku msimamizi wa zoni akifika na kuuliza nani kafungua chupa hii kwa watoto wawili, anayehitaji ulinzi ni muuguzi wa chini, na ulinzi wake ni ile saini.

IT alijibakizia ukaguzi wa Ijumaa, dakika 15: kusoma kifaa cha joto na kulinganisha na karatasi ya mlangoni, kulinganisha rejista na fishi za mistari za kikao cha Jumatano, kuhesabu chupa, sindano na masanduku ya usalama, kuangalia sanduku la miadi. Karatasi ya joto ikapewa kanuni mpya: siku ambayo hakuna mtu inaachwa wazi. Kwa wiki mbili za mwanzo nafasi wazi zilikuwa nyingi, na IT alipaswa kujizuia asikemee, maana mara tu angekemea 4°C ya Jumapili ingerudi.

Sanduku la miadi linastahili maelezo, kwa sababu vituo vingi vinalo na halifanyi kazi. Lina vyumba 12, kimoja kwa kila mwezi. Kila mtoto ana fishi mbili: moja ya mama, moja ya kituo. Baada ya chanjo, fishi ya kituo inatiwa kwenye chumba cha mwezi wa miadi inayofuata. Mtoto akija, inahamishwa mbele. Mwisho wa mwezi, fishi zilizobaki chumbani ndizo watoto waliokosa, huna haja ya kompyuta. Hapa lilikuwepo, limejaa vumbi, kwa sababu fishi za kituo zilipangwa kwa herufi za majina. Kupanga upya kulichukua alasiri mbili. Tangu hapo, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi reko wanapewa majina, avenyu na alama ya kuitambua nyumba, na wanarudisha majibu Jumamosi inayofuata.

Hesabu ya chanjo ya kuagiza ilibadilika pia, na hapa ndipo nia njema huangukia. Ukiruhusu kufungua chupa kila kikao bila kuongeza maagizo, mwezi wa pili stoku inakwisha na watu wanarudi kwenye sheria ya zamani wakiwa na hoja mkononi. Kwa surua, ikikadiriwa upotevu wa asilimia 35, kizidisho ni 1 gawanya kwa 0.65, yaani 1.54. Watoto 52 kwa 1.54 ni dozi 80, chupa 8 kwa mwezi. Ongeza robo ya akiba, chupa 10. Sindano huagizwa kwa hesabu ya watoto wanaochomwa, zile za kuchanganyia kwa hesabu ya chupa. Ile Jumatano iliyokosa sindano ilitokana na mtu kuagiza chanjo kwa fomu moja na kusahau kwamba sindano zina fomu yake.

Barafu ilitatuliwa kwa makubaliano na hospitali jirani yenye jenereta: pakiti zinapelekwa Jumatatu jioni, zinachukuliwa asubuhi ya kikao. Haziingii kwenye kibebeo zikitoka moja kwa moja kwenye friza. Zinaachwa mezani hadi ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Kabla ya hapo zitagandisha Penta ile ile uliyoilinda mwezi mzima.

Pesa ilichukua muda mrefu kuliko yote. Bei ya fishi ilifutwa siku ile ile mgawo wa mapato ulipobadilishwa: siku ya chanjo inahesabiwa kwa pointi sawa na siku ya kuona wagonjwa, na gharama ya kunakili fishi inatoka kwenye mapato ya kituo kabla ya mgawo. Kila muuguzi alipoteza kidogo. Kamati ya afya ya eneo, CODESA, ilishuhudia mabadiliko hayo na mwenyekiti wake ndiye aliyetangaza kwa wamama. Mkutano ulikuwa mkali, na muuguzi mmoja alikataa kusaini mpaka alipoonyeshwa kwamba na yeye ataingia zamu ya Jumatano. Bila CODESA, IT angeonekana anawanyang'anya wenzake ili apendwe na zoni.

Ngazi ya juu ilihitaji badiliko moja tu. Daktari mkuu wa zoni aliagiza fomu ya usimamizi iongezwe mistari miwili: vikao vilivyofanyika kati ya vilivyopangwa, na watoto waliorudishwa bila chanjo pamoja na sababu. Upotevu unaendelea kuulizwa, ila baada ya hayo mawili. Mantiki hiyo si ngeni mkoani: Plan Mashako, mpango wa dharura wa chanjo za kawaida ulioanzishwa 2018 na kupewa jina la Profesa Léonard Mashako Mamba, waziri wa afya wa zamani, uliweka hesabu ya vikao vinavyofanyika katikati ya kazi yake, na Haut-Katanga ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza.

Robo iliyofuata mabadiliko

Vikao 16 kati ya 18. Penta1 151, Penta3 131, kiwango cha kuacha asilimia 13.2, bado juu ya 10. Surua 118, asilimia 75. Chupa 18 zilifunguliwa, dozi 180, upotevu asilimia 34.4. Kwa maneno mengine, chupa 9 zaidi zililinda watoto 34 zaidi. Asilimia 75 haizuii surua kuenea. Kinga ya jamii inahitaji karibu 95. Sehemu ya wale 118 ni watoto wa miezi 11 na 12 waliokuwa nyuma, kwa hiyo robo inayofuata huenda ikashuka kidogo bila kituo kuwa kimelegea. Asiyelijua hilo ataadhibu watu bure.

Familia zinazohama hazikupata jibu zuri. Kinachofanyika ni kumwambia mama anayesafiri achukue fishi yake na aionyeshe kituo chochote atakakofika, na kuandika «amehama» badala ya kumhesabu kama aliyeacha.

Kartye isiyo ya mtu

Namba moja haikuguswa mpaka mwisho: wale wakazi 18,000. Sensa ya mwisho nchini ni ya 1984. Kila idadi ya leo ni makadirio yaliyokuzwa kwa asilimia mwaka hadi mwaka, na pembezoni mwa Lubumbashi nyumba hazifuati makadirio. Nyuma ya matanuri ya matofali kulikuwa na kartye, yaani mtaa, mpya isiyokuwa kwenye ramani ya kituo. Reko wawili waliipita mlango kwa mlango: watoto 41 wa chini ya mwaka mmoja, 17 kati yao bila dozi hata moja. Kwa hiyo ile asilimia 95 ya Penta1, iliyotuwezesha kusema watoto wanafika, ilikuwa kweli kwa kartye za zamani tu. Kwa wale 17, tatizo lilikuwa hawajafikiwa kabisa.

Kartye hiyo iko mpakani mwa maeneo mawili ya afya, na kila kituo kilisema ni ya mwenzake, kwa sababu kuikubali ni kuongeza walengwa na kushusha asilimia zako. Hakuna IT anayeweza kukata shauri hilo. Daktari mkuu wa zoni aliwaita IT wote wawili pamoja na shefu wa kartye, wakachora mpaka kwenye mtaro wa maji, na kituo chetu kikapewa upande wenye nyumba nyingi pamoja na walengwa wake na chupa zake. Kikao cha nje kiliongezwa Ijumaa ya pili na ya nne, saa tisa alasiri, wakati wamama wametoka sokoni na mashambani. Fishi za mistari za huko zina safu mbili, moja ya watoto wa ndani ya mpaka na moja ya wa ng'ambo ya mtaro, kwa sababu hakuna mama anayeulizwa anatoka upande gani kabla ya mtoto wake kuchanjwa.